Mbegu Iliyochelewa Kukomaa

Chukua mama mmoja wa vilima vya Heru Juu, wilayani Kasulu. Simpi jina, maana wenzake wamejaa kuanzia huko hadi Kibondo. Alirithi kwa mama mkwe wake karanga za aina tatu: nyekundu ndogo, nyeupe nene, na zile za mabaka, zinazotambaa na kukaa shambani karibu miezi mitano. Kila mavuno alizianika mbalimbali na kuziweka katika vikapu vitatu, zikiwa ndani ya maganda yake.

Ikaja mbegu ya siku 90, na mnunuzi akaja nyuma yake. "Mama, hizi za mabaka zinakuchelewesha bure. Mimi nanunua rangi moja." Mama akauza za mabaka zote, hata zile alizotenga kwa mbegu. Misimu miwili alifaidi kweli. Simlaumu, ada ya mtoto haisubiri.

Msimu wa tatu mvua zilichelewa, naye akachelewa kupanda. Vidukari vikavamia miche ikingali michanga, vikaleta ukoma wa karanga, ugonjwa ulioripotiwa hapa nchini tangu 1907. Majani yalipauka, shina likadumaa, na matawi yakabanana kama fundo. Aking'oa mche, chini hakuna ganda. Michache iliyopona ilikomaa Aprili, na milimani Kigoma mvua huendelea hadi Mei. Karanga nyingi za muda mfupi hazina usingizi: zikikomaa penye unyevu huota palepale ardhini. Alichochimba kilikuwa kimechipua, na kingine kimeshika ukungu, ule ule unaoleta sumukuvu. Za mabaka zingekuwa bado changa wakati huo, zikisubiri kiangazi.

Je, zingestahimili ukoma? Hakuna awezaye kusema, kwa kuwa shambani mwake haikubaki hata moja ya kujaribia. Hapo ndipo hasara ilipo. Mwaka 1952, ukoma ulipofagia karanga za watafiti huko Senegal, zilizosimama zilikuwa chache za asili, zilizotoka kwa wakulima wa mpakani mwa Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Zilikuwa za kuchelewa kukomaa, za kudharauliwa na mwenye haraka. Kutokana na hizo watafiti wakapata ukinzani walioupandikiza katika mbegu mpya, zikiwemo za Malawi.

Karanga inahitaji aina zake mbalimbali zilindwe kuliko mazao mengi. Ilizaliwa Amerika Kusini kwa kukutana kwa mimea miwili ya porini, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba karanga zote tunazokula zimetokana na uzao finyu mno wa mkutano huo. Tofauti zilizopo leo zimejengwa na mikono ya wakulima, msimu kwa msimu. Benki ya mbegu ya ICRISAT kule Patancheru, India, ina sampuli zaidi ya 15,000, na Arusha tunacho kituo cha taifa cha nasaba za mimea. Naviheshimu sana vituo hivi. Lakini mbegu iliyolala kwenye baridi haijifunzi mvua mpya za Kasulu, na ile ambayo hakuna aliyeipeleka huko haiwezi kuombwa irudi.

Wala duka la pembejeo si kimbilio. Karanga hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima akiweka mbegu yake huvuna ile ile; ekari inataka mbegu nyingi, na mche hauzai kwa wingi kama mhindi. Kampuni hazina faida kubwa hapo. Tena mafuta yake huifanya ife haraka: karanga iliyomenywa na kuwekwa mwaka mzima haiaminiki kuota. Mwenye kuihifadhi ni yule anayeipanda kila mwaka.

Mama yetu alikwenda kwa dada yake Kibondo, akapewa nusu kilo ya zile za mabaka. Kwa uzao wa mara kumi, atakuwa na kilo 5 msimu wa kwanza na kilo 50 wa pili. Ekari moja hutaka kilo 30 hivi. Kwa hiyo mwaka wa tatu ataweza kupanda ekari nzima, mradi asikaange hata moja, na safari hii ameamua kuacha mistari minne ya kila aina pembeni ya shamba, bei ya soko iwe vyovyote.