Kichupa Usikifungue Kikiwa Baridi

Mjukuu wangu. Keti hapo mkekani, kiti nimekiachia mgongo wangu. Mama yako kanipigia simu kutoka Maili Moja, anasema umetoka maabara umenuna, eti rangi imekukataa. Haikukukataa. Uliiharakisha.

Kosa lako nalijua kwa sababu lilikuwa langu, kabla mikono hii haijaanza kutetemeka. Asubuhi moja ya masika nilitoa kichupa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nikakifungua papo hapo. Masika ya Pwani unayajua, hata chumvi ya mezani hugeuka tope. Unyevu ukaingia, ukatua juu ya unga kama umande. Rangi hizi za kubandika kwenye protini zina mkono mmoja, esta ya NHS, unaoshika amini ya laisini. Mkono huohuo ukikutana na maji, unakatika. Kwa macho unga ulikuwa uleule. Nikauchanganya na kingamwili, nikangoja saa mbili, nikapata kingamwili tupu. Basi kichupa kiache mezani kimefungwa mpaka ukikigusa usisikie baridi. Kanywe chai.

Halafu bafa. Nilipokuuliza umetumia gani, ukanijibu Tris, kana kwamba ni jambo dogo. Tris yenyewe ina amini! Umeitosa rangi kwenye maji yaliyojaa mikono ya kushikana nayo, kisha unalalamika haikuiona protini yako. Tumia fosfeti, pH iwe 8 hivi hadi 8.5. Ikishuka, amini ya laisini hubeba protoni na haishiki kitu. Ikipanda mno, maji huikata esta upesi zaidi. Wala usiibebeshe kingamwili mzigo. Rangi mbili tatu kwa kila moja zatosha. Zikizidi zinabanana, zinazimana zenyewe kwa zenyewe, na pengine zinaziba pale pale inapokikamatia kirusi cha muhogo.

Unaniuliza kwa nini tusitumie rangi za kawaida, za bei nafuu. Ni kwa sababu ya majani ya muhogo, baba. Klorofili ikipigwa mwanga hung'aa yenyewe, nyekundu, kwenye nanomita 685 hivi na tena karibu na 740. Ukibandika rangi nyekundu, jani litapiga kelele kuliko kirusi. Hii yako ya infraredi ya karibu humeza mwanga kwenye 774 na kuutoa kwenye 789, na huko kelele za jani zimeanza kufifia. Mwilini ni vivyo hivyo: damu humeza sana mwanga tunaouona, lakini kati ya 650 na 900 mwanga hupenya. Ndiyo maana indosianini ya kijani, jamaa ya rangi yako, imetumika hospitalini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilitoka maabara za Kodak. Ndiyo, Kodak wale wa filamu. Ukoo wa sianini ulitiwa kwenye filamu ili ione rangi ambazo chumvi za fedha peke yake hazizioni. Nimepigwa picha za harusi kwa hisani ya binamu za rangi yako, bila kujua.

Sasa lile linalonichosha. Jicho la mtu hukomea karibu na 700. Rangi yako ikiwaka huioni, unaiamini kamera. Na kamera haijui rangi ipi imeshikamana na protini na ipi imebaki inaelea tu. Usipoipitisha kwenye safu ya jeli ukaitenga, ile inayoelea itanata popote, itang'aa vilevile, nawe utaniletea picha nzuri ya kirusi kisichopo.

Huku Kisarawe uongo wa namna hiyo tumeulipia kwa jasho. Ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Storey wa kituo cha Amani mwaka 1936, na mpaka leo unatuhadaa. Shina linasimama limestawi, majani ya chini tu yana umanjano kandokando ya vishipa, nani atayatazama? Siku ya kuchimbua, bibi yako alivunja muhogo mmoja baada ya mwingine kule Maneromango, kila mmoja una mabaka makavu ya kahawia ndani. Kikapu kizima. Akakaa chini, hakusema neno. Hata mbegu ya Kiroba tunayoisifu huvumilia tu: yaweza kukibeba kirusi na isioze sana.

Kwa hiyo mtu wa Mzenga akiambiwa shamba lake ni safi, atakata pingili awagawie majirani watano, na inzi weupe watamaliza kazi. Akiambiwa ni gonjwa, atang'oa chakula cha wanawe. Hatakuuliza habari za safu wala bafa. Ataamini tu, kama unavyoiamini kamera.

Majani uliyoniagiza nimeyachuma jana. Yako kwenye bahasha za karatasi, mlangoni: mashina matatu yenye michirizi, mawili yaliyopimwa yakaonekana hayana kirusi. Nimeona ulivyoyaweka kando hayo mawili. Yarudishe. Kesho utaanza na hayo.