Haya ya Kudai

Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati karabai, na wavuvi wa Kibirizi hubaki nchi kavu. Usiku huo kibanda cha video hujaa. Amri Athumani, yaani King Majuto, akitokea tu kwenye kioo, kabla hajatamka neno, mabenchi yameshaanza kutikisika. Mtu huyu wa Tanga, aliyezaliwa 1948, alifariki Agosti 2018, lakini huku Kigoma bado anaingiza watu kwa kiingilio.

Muuza dagaa hapimi kwa macho. Hupima kwa beseni, hubishania ujazo, na hakuna anayemwita mchoyo. Kicheko hakina beseni. Kikishatoka kinywani, aliyecheka hudhani ni mali yake, na hakuna alipaye kwa moyo mkunjufu kitu anachodhani ni chake.

Hata hivyo, mchekeshaji asipolipwa, lawama zote si za watazamaji, wala si za wanunuzi wa filamu peke yao. Anayeishi kwa kupendwa huona haya kudai. Akikunja uso, watasema siku hizi ana maringo. Akinyamaza, husifiwa kuwa mtu wa watu. Sifa hiyo ni tamu, na siku ya mkataba ndiyo inayomzuia kuuliza. Majuto aliigiza tangu utotoni, akapita jukwaani, kwenye filamu na kwenye matangazo ya biashara. Alipougua mwaka 2018, watu wakaanza kuulizana fedha zake ziko wapi, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii. Mikataba ikaja kusomwa vizuri mwenyewe akiwa kitandani.

Charlie Chaplin, aliyekulia kwenye kumbi za vichekesho za London, alikuwa na tabia nyingine. Kwenye filamu zake za mwanzo hakutoa sauti. Kwenye hesabu aliitoa. Mwaka 1919, yeye na wenzake watatu walianzisha United Artists ili wasambaze kazi zao wenyewe. Wapo waliomwita bahili. Huenda alikuwa, ingawa ubahili na uangalifu, kwa mbali, havitofautiani.

Siku hizi vijana wa Ujiji na Mwanga hurekodi vichekesho kwa simu. Wa kwanza kuwahitaji ni ndugu: mjomba, njoo harusini utuchangamshe kidogo. Mpiga picha wa harusi hiyohiyo huchukua malipo ya awali mapema. Mchekeshaji hupewa sahani ya pilau, naye hushukuru.