JE, JICHO LINAWEZA KUUA?



Kiangazi kilichopita nilifuatana na kijana wangu hadi mto Lufira, chini ya maporomoko ya Kiubo, njia ya kuja Mitwaba. Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umetokea. Ndege mdogo, yule aitwaye kitwitwi, akaruka mbele yetu akilia, akaanguka, akaburuza bawa kama limevunjika. Kijana alitaka kumshika. Nikamwambia, "Acha, anatudanganya. Kiota chake kiko karibu." Tukatafuta, tukaona mayai mawili katika kishimo cha mchanga, rangi yake kama mawe. Sikuyagusa. Nilipiga picha kwa simu, kisha tukaketi palepale kumngoja mama, nimpige picha akilalia. Tulikaa tangu saa nne hadi saa saba, jua kali. Hakurudi.

Mvuvi mmoja mzee akatukuta, akasema, "Baba Diakoni, ondokeni hapo. Mnapika mayai ya mwenyewe."

Neno hilo lilinichoma. Kumbe ndege wa mchangani hakai juu ya mayai ili kuyatia joto tu. Mchana huyafanyia kivuli. Wako wengine ambao huloanisha manyoya ya tumbo mtoni, wakaja kuyapoza. Mama akifukuzwa wakati wa jua, uhai ulio ndani waweza kufa na ganda likabaki zima. Aliyeua anaenda zake bila kujua kwamba ameua.

Basi najiuliza: sikuiba, sikugusa, nilipenda tu. Je, nina kosa?

Wengine watasema, "Sisi tunatafuta unga wa bukari, na diakoni analilia mayai ya ndege!" Neno lao ni la haki. Lakini tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Mtu aonaye kiota njiani anaruhusiwa kutwaa makinda, ila mama lazima amwache aende. Mungu anajua njaa yetu. Tena angalieni ahadi iliyo pale, ya heri na siku nyingi: ni ileile iliyo katika amri ya kuheshimu baba na mama! Kwa hiyo mwenye njaa akitwaa yai, amelisha watoto wake. Mimi niliyejiona safi nilimzuia mama, wala sikulisha mtu. Nilirudi na picha.

Je, kutazama ni dhambi? Hapana. Musa aliona kijiti kinawaka moto, akageuka ili atazame. Mungu hakumkemea kwa kutaka kuona, bali alimwita kwa jina lake. Alimkataza kukaribia tu, akamwamuru avue viatu. Sisi tunaovua viatu mahali pa maombi tunaijua amri hiyo kwa miguu. Je, tunaijua kwa macho?

Wenye kuishi Mitwaba miaka ya 2005 na 2006, wakati watu waliokimbia vijiji walipojaa hapa, wanafahamu. Mtu mwenye taabu hutazamwa na wengi, lakini anayemkumbuka ni yule aliyemfanyia kivuli. Hata leo, tukimzunguka mgonjwa au mjane ili tuone tu, tunamzuilia pumzi.

Si mbali na mto ule iko Parke ya Taifa ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939. Walinzi wake hawawezi kusimama kando ya kila kiota. Lakini ndege mwenyewe anaonyesha mpaka: akilia na kuburuza bawa, umekwisha kuuvuka. Rudi nyuma mpaka anyamaze na kukaa tena juu ya mayai yake. Hapo simama, utazame, umsifu Muumba.

Picha ile ningali nayo. Mayai mawili yanaonekana vizuri sana, lakini mama hayumo.

Bwana atujalie macho yenye kiasi. Amina.