Kadari na Shoka

Likitokea janga, neno la kwanza kusikika vinywani mwa watu ni: "Ni amri ya Mungu." Neno hilo ni kweli, wala hapana Muislamu alikataaye. Walakini, je, kuamini kadari kwamwondolea mwanadamu dhamana ya yaliyokuwa mikononi mwake?

Natutazame Nakuru. Magharibi yake ipo milima ya Mau, yenye msitu wa asili uliokuwa wa hekta zipatazo 400,000. Humo huteremka mito ya Njoro, Makalia na Nderit, nayo humwagika katika Ziwa Nakuru. Majani ya miti huvunja nguvu za mvua, na mizizi huifanya ardhi inywe maji kisha iyatoe kidogo kidogo. Msitu ukikatwa, maji hushuka kwa pamoja yamebeba udongo, na kiangazi kikija mto hauna kitu. Basi shoka lile lile huleta gharika na ukame.

Mwaka 2001 serikali ilitoa hekta zipatazo 67,000 katika misitu ya nchi, na sehemu kubwa ilikuwa ya Mau. Kamati iliyochunguza jambo hilo mwaka 2009 iliona kuwa kiasi cha robo ya Mau ilikwisha potea.

Tena usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, magogo, mawe na matope yaliziba njia ya maji chini ya tuta la reli. Maji yakajikusanya, kisha yakafumka na kuvishukia vijiji. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini.

Hatusemi kuwa miti huzuia kila gharika. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno. Twasema kuwa kujitayarisha si kupeleka mablanketi na unga baada ya mazishi. Ni kuhifadhi miti ya milimani na ya kingo za mito, kupanda palipokatwa, kuzibua mifereji kabla ya masika, na kutojenga katika mkondo wa maji. Tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali.

Mkulima maskini atauliza: "Nisipolima hapo, nile nini?" Suala lake ni la haki, wala si uadilifu kumfukuza bila ya kumpa pa kwenda. Lakini naye hana haki ya kula kwa kumdhuru aliye bondeni, asiyemjua wala kumwona. Kwa hivyo wanaonufaika na msitu, wakiwamo watu wa miji, yawapasa washiriki gharama ya kuuhifadhi.

Huenda msomaji akasema: "Maji ya Nakuru hayafiki Pwani, yatuhusu nini?" Na atazame bahari ya Malindi inavyogeuka nyekundu kwa udongo wa bara uletwao na mto Sabaki. Kisha atazame gunia la makaa jikoni mwake, ajiulize limetoka mti gani, na ni nani aliyepanda mwengine mahali pake. Asiyeuliza hayo wakati wa kiangazi, asiitupie kadari lawama yote wakati wa masika.