Thamani ya Jumba la Shamba

Mwenye kukadiria bei ya jumba kuukuu la shamba, pembezoni mwa Eldoret, huhesabu mawe, mbao na ekari. Je, hesabu imetimia? Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, wakapewa na serikali ya kikoloni malisho ya Wanandi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo. Bei ikamwendea mlowezi, si aliyenyang'anywa. Mafakihi hutenganisha jengo na kiwanja: mwenye kughusubu ardhi akajenga juu yake, mawe ni yake, ardhi si yake. Basi mkadiriaji na aandike bei kwa uaminifu, lakini asidhani kuwa haki ya mwenye ardhi imo ndani yake. Dhuluma haichakai kama bati. Wallahu aalam.