Mgeni Mwenye Nyumba Mgongoni

Wahenga waliponena kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, hawakukusudia kumfukuza. Walikusudia kumpandisha daraja. Kwa siku mbili mgeni hula cha mwenyeji. Siku ya tatu huingizwa katika kazi ya nyumba, na kwa kazi hiyo huanza kuwa mtu wa pale. Lakini methali hii ilimjua mgeni abishaye hodi. Je, inamwambia nini msafiri ajaye na nyumba yake mgongoni, mfano wa kobe?

Msafiri huyo ameenea duniani. Kando ya mto Mosel, huko Ujerumani, magari yenye vitanda na majiko ndani hupangwa ukingoni, chini ya mashamba ya mizabibu. Wenyewe hununua chupa mbili tatu, wakalala, wakaondoka. Nyanda za Juu Kusini nazo zina mito yao na kileo chao. Mwenye gari kama hilo aweza kuondoka Iringa Ijumaa jioni, akauvuka Ruaha Mdogo pale Ipogolo, Jumamosi akaonja ulanzi njiani, Jumapili akaipanda milima ya Mbeya na kuteremkia Chunya, kisha akageuza. Siku ya tatu haimkuti.

Atajitetea kwamba hakumwelemea mtu: kitanda chake, maji yake, chakula chake. Utetezi huu una uzito, kwani si haba wageni walioimaliza akiba ya maskini kwa jina la ukarimu. Hata hivyo, na atazame kikombe alichokishika. Msimu wa mvua, mgema wa ulanzi hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kutega chombo chake; kisha hurudi asubuhi na jioni kukata upya, utomvu usije ukakoma. Ukigemwa leo ni mtamu. Siku zinazofuata huwa mkali, na ukizibwa sana dumuni huweza kulipasua. Hauvumilii safari ndefu. Anayeutaka huufuata ulipo, na hapo ndipo anapokuwa mgeni, apende asipende. Fedha zake zimelipia kikombe. Kule kurudi kwa mgema kila alfajiri hakukulipiwa. Amekaribishwa tu kukufaidi.

Yawezekana kudhani, basi, kwamba dawa ni kukaa zaidi. Chunya inakanusha. Dhahabu ya Lupa ilipojulikana katika miaka ya 1920, na hasa katika miaka ya 1930, watu walimiminika kutoka pande nyingi, wakapiga mahema, wakachekecha mchanga wa mito. Hao walikaa kuliko siku mbili, na majembe waliyashika kwelikweli. Lakini walichimba kwa ajili ya mifuko yao, na dhahabu ilipopungua wengi walihama, mashimo yakabaki kwa wenyeji. Kwa hiyo wingi wa siku si kipimo, wala jasho peke yake si kipimo. Swali ni jembe hilo linalima shamba la nani.

Pwani ililijua jambo hili zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakivilaki vyombo baharini, kila mmoja na sahani ya chakula, akimtangaza mfanyabiashara fulani kuwa mgeni wake. Chombo kilikuwa na mahali pa kulala na pa kupikia. Mfanyabiashara angeweza kubaki humo, akauza na kununua, akatweka. Desturi haikumwachia. Alishuka, akaingia nyumba ya mtu, na tangu hapo biashara yake ikapita mikononi mwa mwenyeji huyo. Usalama wa wote wawili ulikuwa katika kule kuhitajiana.

Hapo ndipo kasoro ya gari-nyumba ilipo. Dhambi yake si kwamba linachukua kingi, bali linamwezesha mtu kupita nchi nzima bila kumhitaji yeyote, na asiyehitaji ni vigumu kushukuru. Si lazima aliache gari. Yatosha alizime kabla ya jua kuchwa, aende kwa miguu hadi mlangoni mwa mtu, apige hodi, ataje jina lake, na aombe alichoweza kujipatia mwenyewe: maji ya kunywa. Akikaribishwa, aulize kuna kazi gani kesho.