Njaa na Ufunguo wa Ghala

 

Ndugu zangu Waislamu, kuna neno lasemwa sana katika baraza zetu kila bei ya unga ipandapo: kwamba njaa ni kadari, nasi hatuna la kufanya. Neno hili nusu yake ni kweli na nusu yake ni kisingizio. Mvua i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hapana shaka. Lakini ufunguo wa ghala u mikononi mwa nani?

Tazameni yaliyowapata watu wa Bengali mwaka wa 1943, na wengi wao ni Waislamu wenzetu. Yakisiwa walikufa watu kiasi cha milioni 3. Mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa ile kwa macho yake akiwa mtoto, alizipima hesabu za mavuno, na mwaka wa 1981 akaeleza kitabuni kwamba chakula cha mwaka ule hakikupungua sana. Bali kilizidi cha mwaka wa 1941, ambao haukuwa na baa kama lile. Basi ni nini kilichowaua? Vita viliukata mchele wa Burma. Serikali ya kikoloni ilizichukua mashua za watu wa pwani kwa kukhofu Wajapani. Bei ikapanda, na wenye mchele wakauficha wakingoja ipande zaidi. Ujira wa kibarua na pato la mvuvi havikupanda pamoja nayo. Mchele ulikuwako, kilichokosekana ni cha kuununulia. Wakafa kwa njaa watu wa mashamba, waliokuwa wakilima na kuvua ili wengine wale.

Wala tusidhani hayo ni ya mbali. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mvua za misimu 5 mfululizo zilikosekana katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya nchi yetu. Katika ukame kama ule, wafugaji wote huenda sokoni siku moja na mbuzi waliokonda. Bei ya mbuzi hushuka, na bei ya mahindi hupanda. Mwenye fedha hununua vyote viwili kwa apendavyo. Mwenye mbuzi hurudi na kifuko kidogo cha unga, na zizi tupu.

Mwaka wa 18 wa Hijra ulishuka ukame mkubwa Hijazi, ukaitwa Mwaka wa Majivu. Seyyidna Omar (r.a.) hakuketi akalaumu mawingu. Aliomba mvua, na akawaandikia maliwali wake wa Shamu walete chakula, akajinyima nyama na samli mpaka raia wake wapate. Dua na kazi alivishika pamoja.

Ewe ndugu mfanya biashara, faida ni halali yako. Lakini kununua chakula cha watu katika Shaaban na kukifungia, ili Ramadhani ikifika ukitoe kwa bei uitakayo, hiyo ni ihtikari, na Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwenye kuifanya kuwa ni mkosa. Na ewe mwenye mali, zaka si hisani umfanyiayo maskini. Ni haki yake iliyo mkononi mwako, na kuizuia ni dhulma. Nasi sote tujihesabu: ni hitma ngapi huchinjiwa ng'ombe, wakaalikwa walioshiba, na mjane wa nyuma ya nyumba asipate hata ukoko?

Mwenye kusema hana kitu na aizingatie Suratul Maun. Mwenyezi Mungu hakumlaumu humo asiyelisha tu. Amemlaumu pia asiyehimiza kulishwa maskini. Asiyekuwa na mchele ana ulimi. Basi na tuhimizane: kila mtaa uwajue wahitaji wake, zaka ikusanywe na igawanywe kwa hesabu, na mwenye kuficha chakula aambiwe usoni, ajapokuwa ni jamaa yetu au ndiye atupaye mkopo dukani.

Ewe Mola, tunyeshelezee mvua ya kheri, na utufungulie mikono yetu kabla hatujakufungulia vinywa kuomba. Amin.